Mrejesho: makro ya Excel iliyokuwa ikikwama katikati ya faili

Ndugu zangu, wiki iliyopita niliuliza kwa nini makro yangu (programu ndogo ndani ya Excel), inayopitia orodha ya mauzo mstari kwa mstari na kujumlisha, ilifanya kazi vizuri kwenye faili dogo lakini ikakatika kwa kosa namba 6 (Overflow, yaani namba kuzidi nafasi iliyotengewa) kila nilipoiendesha kwenye faili la mwaka mzima. Tatizo limekwisha.

Aliyenishauri nitazame aina ya kigeu (jina linalohifadhi thamani) cha kuhesabia mistari alikuwa sahihi. Nilikitangaza kuwa Integer, aina ya namba nzima ambayo katika VBA, lugha ya kuandikia makro, hutumia biti 16 na haipokei namba inayozidi 32,767, ilhali karatasi moja ya Excel, tangu toleo la 2007, ina mistari 1,048,576. Nilipokibadilisha kuwa Long, aina kubwa zaidi ya namba nzima ambayo hufika 2,147,483,647, makro ilikwenda hadi mwisho.

Hata hivyo, kosa lilelile lilijitokeza mahali pengine, na hapo ndipo nilipopoteza jioni nzima: amri ya jumla = 250 * 200 iligoma ingawa kigeu cha jumla kilikuwa tayari ni Long. Sababu ni kwamba VBA hukokotoa kwanza upande wa kulia, na kwa kuwa namba zote mbili ni ndogo, huzihesabu kama Integer, hivyo jibu la 50,000 hufurika kabla halijafika kwenye kigeu. Niliandika 250& badala ya 250, alama & ikiiambia VBA ihesabu namba hiyo kama Long, ikakubali. (Alama hiyo ndogo, kwa maoni yangu, ingestahili kufundishwa siku ya kwanza.) Option Explicit, amri inayolazimisha kila kigeu kitangazwe kwanza, nayo nimeiweka juu ya kila moduli, kama mlivyosisitiza.