Naomba ushauri: maji ya goti bandia la mama yametoka na ukungu
Habari zenu wakuu. Mama ana goti bandia la kulia, sasa limevimba na lina joto, hata kwenda msalani anashika ukuta. Daktari wa mifupa amevuta maji kwa sindano nikiwepo. Badala ya ute wa manjano unaong'aa, yalitoka mepesi yenye ukungu, kama maji yaliyooshea mchele.

Kipimo: chembe nyeupe 9,000 kwa mikrolita, nyingi nyutrofili (aina inayopambana na bakteria). Mjomba (si daktari, ila anajua kila kitu) anasema ni kidogo, eti goti hushukiwa kuwa na maambukizi zikifika 50,000. Daktari kasema hiyo ni kwa goti la asili. Kwa la bandia hata 3,000 zinatosha kushuku, maana bakteria hung'ang'ania chuma na plastiki na kujifunika utando ambao dawa haipenyi vizuri.

Shida ni kwamba maabara haijaotesha kijidudu chochote. Zahanati ilishampa antibayotiki kabla ya sindano, na nasikia hilo huficha bakteria.

Aliyepitia haya: walisimamisha dawa wakavuta maji upya, au walikwenda moja kwa moja kwenye upasuaji wa kusafisha? Na bima ililipa? Kesho kutwa tunarudi kliniki, nisaidieni maswali ya kumuuliza daktari.