Re: Mbio za Sikukuu ya Shukrani: mtu wa Kisumu ajitayarishe vipi?

Kutoka: Dada wa Kondele, Kisumu

Hamjambo wote. Mimi ni muuguzi, naondoka Kisumu mwezi wa tisa kwenda kazini Buffalo, jimbo la New York. Jumamosi huwa tunakimbia kikundi kidogo kutoka Kondele hadi ufuo wa Dunga na kurudi, mbio za kujifurahisha tu, hakuna anayefukuzia medali. Mwenzangu aliyetangulia huko anasema kuna mbio za barabarani asubuhi ya Sikukuu ya Shukrani ya Wamarekani (Thanksgiving), Alhamisi ya nne ya Novemba, na tayari anataka tujiandikishe. Mimi nimezoea jua la ziwa. Sweta mara ya mwisho niliivaa nikienda Kericho. Nijitayarishe vipi, na ninunue nini hapa kabla ya kufunga mzigo?

Kutoka: Mzee wa Milimani, Nakuru (zamani Buffalo)

Dada, mkubalie mwenzako, tena mjiandikishe mapema kwa sababu nafasi hujaa. Mbio hizo si za juzi. Zilianza 1896, miezi michache kabla ya marathoni ya kwanza ya Boston, na hadi leo zipo. Ni kilomita 8, mnashuka Delaware Avenue hadi katikati ya mji, na utapitwa na watu wazima waliovaa kama bata mzinga, ndege anayeliwa sikukuu hiyo. Kwa anayefika Dunga na kurudi, umbali hautakusumbua.

Naona hofu yako iko kwenye kukimbia. Iondoe hapo. Mwili unaokimbia ni jiko. Dakika kumi zikipita utatamani kuvua. Baridi humkamata mtu akiwa amesimama: nusu saa ile ya kusubiri kuanza, na robo saa baada ya kumaliza, fulana imelowa na jiko limezimwa. Watu wetu wengi wanaougua baada ya mbio hizi hawakuugulia njiani. Waliugulia kwenye foleni ya ndizi zinazogawiwa mwishoni, wakipiga picha na medali.

Kwa hiyo panga mavazi mafungu matatu. La kusubiria: sweta kuukuu ambayo huna uchungu nayo, na juu yake mfuko mkubwa wa takataka uliotobolewa pa kichwa na mikono. Usione haya, utakuta wenzako mamia wamevaa hivyo. Muda ukikaribia, sweta unaitupa kando. Katika mbio nyingi waandaaji huziokota na kuzigawa kama msaada. Huenda siku moja ukaikuta kwenye mitumba ya soko lenu la Kibuye.

La kukimbilia: vaa kana kwamba kuna joto la nyuzi 10 zaidi ya linaloonyeshwa. Kukiwa na nyuzi sufuri, vaa kama mtu wa nyuzi kumi. Fulana ya kubana ya mikono mirefu iguse ngozi, na isiwe ya pamba, maana pamba hunywa jasho na kulishikilia. Juu yake koti jepesi la kuzuia upepo, suruali ya kubana, boshori na glavu. Masikio yafunikwe. Vaseline pakaa mashavuni na puani. Ukipumua hewa ile kavu ya asubuhi kifua kitawasha na utakohoa, basi vuta skafu nyembamba hadi mdomoni kwa kilomita za mwanzo. Mwenye pumu aongee na daktari kabla, na dawa yake ya kuvuta iwe mfukoni, si kwenye begi.

La kumalizia ndilo watu hulisahau, na kwangu ndilo la kwanza. Kwenye begi utakaloacha kwa waandaaji weka fulana kavu, soksi kavu, sidiria kavu, boshori la pili na koti zito. Usingoje kufika nyumbani. Ingia ndani ya jengo lolote lililo wazi, badilisha kila kilicholowa, halafu ndipo utafute chai. Na namba ya kifuani, ibandike kwenye vazi ambalo hutalivua njiani. Nimeona mtu mzima akihangaika na pini nne ndogo huku vidole havimtii hata kidogo, mwisho akamwomba mtoto wa watu amfungulie.

Sasa hiyo Buffalo yenyewe. Wewe mtu wa Kisumu unajua jinsi ziwa linavyotengeneza mvua ya jioni. Ziwa Erie linafanya vivyo hivyo, ila kwa theluji. Novemba maji bado yana joto la kiangazi. Upepo baridi kutoka magharibi unapita juu yake, unabeba unyevu, unakuja kuumwaga kwenu. Novemba 2022, wiki moja kabla ya sikukuu, vitongoji vya kusini mwa mji vilipata theluji ya takriban mita 2, na maili chache kaskazini watu walikuwa wanaona lami. Usiangalie utabiri wa jimbo zima, angalia wa mtaa wako.

Kwenye kreta ya Menengai huku kwetu asubuhi za Julai watu huvaa kama wanakwenda Siberia, kisha wanarudi koti limefungwa kiunoni. Hiyo ndiyo hesabu.

Kutoka: Mwana wa Kakamega, Minnesota

Mulembe, ndugu zangu. Mzee amemaliza, mimi naongeza la heshima ya mtu. Dada, ukisema tu umetoka Kenya, watakusogeza mstari wa mbele kabisa wakisubiri maajabu. Kataa. Simama penye kasi yako, la sivyo utakanyagwa na vijana wa chuo. Mimi nawaambia wazi kwamba kwetu Kakamega tunajua fahali wa kupigana na timu ya soka ya AFC Leopards, Iten ya wanariadha ni kwa wengine. Hawasikii.

Wakiuliza kama Mkenya amewahi kukanyaga theluji, watajie Philip Boit. Olimpiki ya majira ya baridi, Nagano, Japani, 1998, kilomita 10 za kuteleza kwa ski, alifika wa mwisho, na Bjørn Dæhlie wa Norway aliyeshinda dhahabu akamngoja mstarini amkumbatie. Boit baadaye akampa mwanawe jina la Dæhlie. Na ukichoka na boshori, São Paulo kule Brazil wana mbio zao za tarehe 31 Desemba, kilomita 15, katikati ya joto lao. Mkenya mwenzetu Paul Tergat alizishinda mara 5.

Kutoka: Dada wa Kondele, Kisumu

Asanteni sana, nimecheka peke yangu kwenye matatu. Mawili tu. Mazoezi nitayafanya saa ngapi na nimeambiwa shifti moja ina urefu wa saa kumi na mbili? Na barafu je?

Kutoka: Mzee wa Milimani, Nakuru

Desemba huko jua linazama kabla ya saa kumi na moja jioni, kwa hiyo ukitoka shifti ya mchana ni giza. Nunua kizibao cha kumeremeta na taa ya kichwani. Ukitoka shifti ya usiku, lala, usikimbie.

Barafu ya kuogopa ni ile usiyoiona, maji yaliyoyeyuka mchana yakaganda usiku, lami inaonekana imelowa tu. Hatua fupi, wayo mzima chini. Barabara kuu humwagiwa chumvi, vijia vya kando mara nyingi hapana. Kuna mipira yenye meno ya chuma ya kuvalisha juu ya raba. Ni ya mazoezi, siku ya mbio iache nyumbani. Na siku ya sikukuu mabasi hupungua, basi mpange na mwenzako usafiri tangu jana yake.

Kutoka: Dada wa Kondele, Kisumu

Sawa mzee. Jumapili naingia Kibuye. Glavu za vidole, au zile za gumba peke yake?

Kutoka: Mzee wa Milimani, Nakuru

Za gumba peke yake, vidole vikae pamoja vipashane joto. Kibuye hakuna anayezigombania, usitoe bei ya kwanza.