Programu za bure za ofisi kwa steshenari: ipi haitavuruga kazi za wateja?

Mwenye Steshenari, Nyegezi

Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Ninaendesha steshenari ndogo hapa Nyegezi, na wateja wangu wengi ni wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino wanaoleta tasnifu na ripoti za mafunzo kwa vitendo kwenye flashi. Kompyuta zangu nilizinunua zikiwa na Microsoft Office iliyokrakiwa. Sasa kila nikifungua faili linatokea tangazo la leseni, na antivirusi imeanza kuifuta ile programu ya kukrakia. Leseni halali kwa kompyuta zote haiwezekani kwa biashara ya kuprinti ukurasa mmoja mmoja.

Ninachohofia si kujifunza programu mpya, bali mteja kunirudia akisema jedwali lililokuwa ukurasa wa 40 limerukia wa 41 na orodha ya yaliyomo haisemi kweli tena. Ni programu gani ya bure inayoheshimu faili la docx, yaani faili la Microsoft Word, jinsi lilivyoletwa?

Fundi wa Kirumba

Salaam, mkuu. Kuachana na hiyo iliyokrakiwa ni jambo jema, kwa kuwa programu za kompyuta zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na hata tukiiweka sheria pembeni, vifaa vya kukrakia ni mlango mpana wa virusi kuingia kwenye flashi za wateja wako.

Utasikia majina mawili yanayochanganywa sana, OpenOffice na LibreOffice. Asili yake ni moja: StarOffice ya Ujerumani, ambayo kampuni ya Sun Microsystems iliinunua mwaka 1999 na kuufungua msimbo wake kwa umma, yeyote autumie na kuuboresha, mwaka uliofuata. Oracle ilipoichukua Sun mwaka 2010, watengenezaji wengi walijitenga wakaanzisha LibreOffice, inayosimamiwa na The Document Foundation yenye makao yake Berlin. Historia hii ina maana kwako, kwa sababu OpenOffice iliyobaki, ambayo sasa iko chini ya taasisi ya Apache, inaendelezwa polepole mno, na ingawa inafungua docx, haiwezi kuhifadhi kwa docx. Kwa steshenari, hilo pekee linaiondoa.

Kuhusu kurasa kuruka, mara nyingi inalaumiwa programu ilhali mkosaji ni fonti, yaani aina ya herufi. Mwaka 2023 Microsoft iliacha Calibri kama fonti yake ya kawaida ikaanza kutumia Aptos, ambayo haiji na Windows yenyewe. Mwanafunzi akitaipu kwa Aptos halafu wewe ukafungua kazi yake kwenye kompyuta isiyo nayo, programu yoyote ile, hata Office ya zamani iliyolipiwa, itaweka fonti nyingine yenye upana tofauti. Mstari mmoja unaongezeka hapa, mwingine pale, na ukifika ukurasa wa 40 tofauti imeshakuwa nusu ukurasa. Times New Roman, inayodaiwa na vyuo vingi, imo ndani ya Windows, kwa hiyo haina tatizo hilo. Ukiamua kuhamia Linux, mfumo endeshi wa bure unaochukua nafasi ya Windows, Liberation Serif ina upana uleule wa Times New Roman, na Carlito ina upana wa Calibri.

Kwa kazi yako ningeweka programu mbili. LibreOffice iwe ya kazi zako mwenyewe, na OnlyOffice iwe ya mafaili ya wateja, kwa kuwa imejengwa kwa kufuata mfumo wa docx tangu mwanzo. Zote hufanya kazi bila intaneti. LibreOffice ina takribani megabaiti 350. Ipakue mara moja, kompyuta nyingine uzipelekee kwa flashi.

Mhasibu, Ilemela

Kaka, naomba niongeze upande wa mahesabu, maana steshenari hupokea na majedwali pia. Calc, programu ya majedwali ya LibreOffice, inamudu fomula za kawaida bila taabu, na toleo la 24.8 limeongeza hata XLOOKUP, fomula ya kutafuta thamani ndani ya jedwali. Tatizo ni makro, yaani maagizo yaliyoandikwa ndani ya faili ili lifanye kazi fulani lenyewe. Kwenye SACCOS yetu tulikuwa na jedwali la mikopo lenye kitufe cha kukokotoa marejesho; kwenye Calc kitufe kilionekana vizuri kabisa, ila ukikibonyeza hakuna kinachotokea. Tuliiandika hesabu upya kwa fomula ya PMT, inayokokotoa rejesho la mkopo la kila kipindi, na kusema kweli imekuwa rahisi zaidi kuikagua. Lakini huwezi kumfanyia hivyo kila mteja, kwa hiyo ningekushauri uwe na kompyuta moja tu yenye leseni ya kulipia kwa kazi za namna hiyo.

Mwalimu, Ukerewe

Sikubaliani sana na Fundi kuhusu programu mbili, kwa sababu kijana wa kaunta atafungua kwa hii na kuhifadhi kwa ile. Google Docs nayo ni ya bure, lakini huku kisiwani intaneti ikiyumba unabaki unaangalia duara likizunguka, isipokuwa kama uliiwezesha mapema kufanya kazi nje ya mtandao. WPS Office wengi wanayo kwenye simu, ila toleo la bure lina matangazo. Mimi ningebandika tu tangazo ukutani: kazi ya kuprinti iletwe kwa PDF.

Mwenye Steshenari, Nyegezi

Ahsanteni sana. Mwalimu, PDF nimeipokea, na kijana wangu nitamwachia OnlyOffice peke yake. Je, mwanafunzi anayetaka nimrekebishie kazi iliyorudi na maoni ya msimamizi pembeni?

Fundi wa Kirumba

Maoni ya pembeni na masahihisho yanayofuatiliwa hufunguka na kuhifadhiwa kwenye programu zote mbili. Fanyia kazi nakala yenye jina jingine, usiguse faili la asili, na kwenye mipangilio ya LibreOffice uweke docx kuwa mfumo wa kuhifadhia, ili faili lisiwe linageuzwa kuwa odt, mfumo wa LibreOffice yenyewe, na kurudishwa tena. Ukimaliza, sasisha orodha ya yaliyomo kabla ya kuprinti.

Kuna kazi moja ningeikataa: ile ambayo marejeo yake yameingizwa ndani ya Word kwa Zotero, programu ya kupanga marejeo. Yakihifadhiwa kwenye programu nyingine yanaweza kubaki maandishi ya kawaida tu, na mwanafunzi ataligundua hilo msimamizi akimtaka abadili mtindo wa marejeo. Huyo mwambie arekebishe kwenye kompyuta yake, akuletee PDF.