Naomba ushauri: Unguja na watoto watatu, Paje au Nungwi?

Baba Tatu
Wakuu, habari za muda huu. Nipo Dar, nataka kuwapeleka wanangu Unguja tarehe 29 Juni mpaka 2 Julai. Wana miaka 10, 7 na 3, na mama yao tunakwenda naye. Tukae Paje au Nungwi? Na maji ya huko kipindi hicho ni ya baridi? Nina wasiwasi, naomba majibu leo.

Demani
Nungwi. Mwezi mpevu ni usiku wa 29 kuamkia 30, kwa hiyo siku zako zote ni za bamvua, maji hujaa sana na kupwa sana. Unguja bamvua likisimama, maji hujaa karibu saa 10 alfajiri na saa 10 alasiri, na hupwa karibu saa 4. Kila siku sogeza mbele dakika 50 hivi. Paje yakipwa unatembea mamia ya mita juu ya mchanga kabla ya kupata maji ya kiunoni. Nungwi na Kendwa ufuo unashuka haraka, mtoto anaogelea saa yoyote.

Bi Mwani
Paje msiibeze. Yakipwa ndiyo raha ya watoto: vidimbwi, kaa, viti vya pweza, mashamba ya mwani. Ila wote wavae yeboyebo, tena zenye mkanda wa nyuma, kwa sababu ya wale viumbe weusi wa baharini wenye miiba. Mwiba ukikatikia mguuni usiuchokonoe kwa sindano, unazidi kuvunjika. Loweka mguu kwenye maji ya moto ya kuvumilika, kisha siki. Na Mji Mkongwe msipite na nguo za kuogelea. Pale ni mitaa ya watu, wanaishi na kuswali.

Zamu ya Usiku
Baba, kwa nini umeuliza baridi ya maji? Mzazi wa Dar haulizi hivyo bila sababu. Nani mgonjwa?

Baba Tatu
Wa miaka 7 ana seli mundu. Sikutaka uzi ugeuke wa hospitali. Tangu Januari hajaumwa, dawa anakunywa. Na kusema kweli nimeshalipa amana Paje, pamoja na boti ya kwenda kisiwa cha Mnemba tarehe 30 saa 4 asubuhi. Watoto wameshaahidiwa. Sioni ubaya naye akiogelea kama wenzake.

Zamu ya Usiku
Hilo ndilo lilikuwa la kuanza nalo. Kuogelea si tatizo, tatizo ni baridi na kiu. Kusi likivuma, mtoto akatoka majini na kukaa kwenye boti na nguo mbichi, upepo unampoza mwili na maumivu yanaweza kuanza palepale. Mwogesheni alasiri ufukweni, dakika 15 hadi 20, kisha taulo, fulana kavu na soksi. Maji ya kunywa kila nusu saa hata kama hajaomba. Dawa, kipimajoto na kadi ya kliniki vikae begi la mkononi, si kwenye sanduku. Joto likifika 38.5, au tumbo likivimba upande wa kushoto, msisubiri asubuhi. Karibu na Paje kuna hospitali ya Makunduchi, kubwa ni Mnazi Mmoja mjini, kama kilomita 50. Namba ya dereva iwe mfukoni kabla ya kulala.

Kata Mbuga
Hii chai. Saa 4 asubuhi ya bamvua, boti gani inaelea Paje? Zinakuwa zimelala ubavu mchangani. Mwenye uzi anatunga, au ni wakala anapima soko.

Mzazi Kwanza
Chai au si chai, hela ya Mnemba lipa ada ya shule.

Baba Tatu
Sitangazi kitu. Nimesoma ujumbe upya: gari linatuchukua saa 1 na nusu, boti inaondokea Muyuni. Nilidhani ni Paje.

Demani
Basi si chai. Muyuni na Matemwe ndiko karibu na Mnemba. Lakini maji yakiwa yanapwa na kusi linavuma, mlango ule wa bahari unachafuka, na boti ndogo inarusha maji mpaka ndani. Badilisha hiyo amana iwe ya kisiwa cha Changuu, kwenye kobe wakubwa.

Baba Tatu
Wakala amekubali, anabaki na robo. Changuu si boti ndogo vilevile?

Demani
Ndogo, ila ni nusu saa tu kutoka Forodhani. Ondokeni saa 2, upepo haujachachamaa. Kushuka ni kutia miguu majini, huyo wa 7 mbebe mgongoni afike mkavu. Kobe wa kwanza waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Jani la kuwalisha mtoto alishike kwa kikonyo, vidole viwe mbali na mdomo. Kisha amkune kobe taratibu chini ya shingo: atainuka kwa miguu yote minne, anyooshe shingo juu, atulie hivyo.