Wapangaji Nyumba ya Mwembe, Barabara ya 14

JUMATANO

[18:52] Mama Zuwena: (picha)

[18:53] Mama Zuwena: Asalaam aleikum, habari za jioni jamani. Hii barua ya mwenye nyumba mmeikuta chini ya mlango? Kodi toka 35,000 mpaka 60,000 kila chumba kuanzia tarehe moja na anataka mwaka mzima mkononi. Leo tarehe 24

[18:54] Mama Zuwena: Laki saba na ishirini kwa chumba kimoja. Mie nina viwili piga hesabu mwenyewe

[19:31] Mama Zuwena: Jamani

[19:47] Juma Baiskeli: Nimeiona mama Zuwena bado niko kibandani nafunga tairi la mtu

[19:48] Hamisi Chumba 6: bomba la mafuta la Uganda linaishia Chongoleani ila kodi ishafika kwetu 😂😂

[19:49] Juma Baiskeli: 😂😂😂 bomba limepita uani kwetu bila sie kujua

[19:51] Hamisi Chumba 6: Kodi inavyopanda ingekuwa ndo timu yetu Coastal Union wanapanda kwenye ligi saiv tuna kombe, toka lile la 88 tunasubiri tu

[19:51] Juma Baiskeli: usiwaguse Wagosi wetu wa Coastal leo

[19:55] Mama Zuwena: Hamisi mwanangu tutacheka Jumapili. Leo nimetoka kazini sijavua hata baibui nikaenda kwa yule dada msaidizi wa kisheria wa kata, hachukui hela ya mtu, nikampelekea barua na mikataba niliyokuwa nayo tumekaa nae zaidi ya saa nzima. Nawaandikia alichosema msome mpaka mwisho

[20:04] Mama Zuwena: Mwenye mkataba ambao haujaisha kodi haipandi katikati, labda iwe imeandikwa humohumo ndani ya mkataba kwamba itapanda. Kwaiyo Neema na Baba Eliya nyie mpo mpaka Desemba kwa 35,000 ileile, barua hiyo haiwahusu hata kama kawasukumia mlangoni. Sie wengine ambao mikataba iliisha tukaendelea kulipa mwezi kwa mwezi na yeye anapokea, sheria ya ardhi ya 1999 inatuhesabu wapangaji wa mwezi, na mpangaji wa mwezi notisi yake haipungui mwezi mmoja. Siku saba sio notisi huko ni kutishana

[20:06] Neema: Mungu akubariki dada nilishaanza kutafuta chumba Mikanjuni

[20:07] Juma Baiskeli: Kwaiyo hawezi kupandisha?

[20:11] Mama Zuwena: Anaweza Juma. Sitaki niwadanganye. Zamani kulikuwa na sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984 ilifutwa 2005, siku hizi hakuna anayemwambia mwenye nyumba mwisho wako hapa. Mwezi wa notisi ukiisha ana haki ya kutaja bei yake na wewe una haki ya kukubali au kuhama. Ndo mana nataka tuzungumze nae kabla, na tuzungumze wote, mana mmoja mmoja atatumaliza

[20:13] Mama Zuwena: Na tusipoelewana asiguse kufuli la mtu wala asitoe vyombo vya mtu nje bila amri. Unaanzia Baraza la Kata, wale siku hizi wanasuluhisha tu hawaamui tena toka 2021, wakishindwa ndo inakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba

[20:15] Hamisi Chumba 6: mi nikienda barazani bosi wangu ananikata siku

[20:19] Baba Eliya: Samahani nilikuwa usingizini naingia zamu saa nne. Dada hayo ya sheria ni mazuri nashukuru ila kabla hatujaanza kuandika majina mahali naomba nielewe kitu kimoja. Mwaka jana tulichanga 15,000 watu nane gari la maji taka lije linyonye shimo, gari lilichukua 90,000. Ile 30,000 mpaka leo sijaielewa

[20:20] Hamisi Chumba 6: aaah baba Eliya

[20:20] Juma Baiskeli: Yale ya choo tulishayamaliza jamani

[20:21] Baba Eliya: Nani aliyamaliza

[20:26] Mama Zuwena: Kitasa cha mlango wa uani 18,000. Koki ya bomba 7,000. Taa mbili za korido 5,000. Risiti nilipiga picha nikatuma humuhumu grupuni ukasoma na tiki za bluu niliziona hukusema kitu, leo ndo unaniuliza mbele za watu

[20:27] Baba Eliya: Sijasema umekula dada. Nimesema sijaielewa

[20:29] Mama Zuwena: Haya. Risiti ninazo kwenye kopo la chai njoo uzisome. Ila ulivyotaja shimo umenisaidia mana hiyo nayo nilimuuliza yule dada. Nyumba ikipangishwa chumba chumba kama hii yetu, paa, kuta za nje na mifereji mikubwa ni juu ya mwenye nyumba. Sasa yale mabati sita ya upande wa jikoni nani alinunua? Juma alipanda juu na misumari mfukoni jua la saa saba, sie tunamshikia ngazi. Hayo yote tuyaandike kwenye barua, kwamba tumelitunza jengo lako kwa hela zetu halafu unatupandishia kwa zaidi ya asilimia sabini

[20:30] Juma Baiskeli: ncha ya bati ilinichana hapa kwenye kiganja alama bado ninayo

[20:34] Mama Zuwena: Na LUKU. Jana usiku nimekaa na daftari langu la meseji. Kila mwezi ukinunua umeme mara ya kwanza wanakata kodi ya jengo, ilianza 1,000 na toka Julai 2022 ni 1,500. Mwezi huu zamu ilikuwa yangu nikaweka 5,000 zikaingia yuniti za kichekesho Zuwena akaniuliza mama umeme mwingine uko wapi. Jengo ni lake kodi ya jengo tunalipa sie, 18,000 kila mwaka, haijawahi kupunguzwa kwenye kodi ya chumba hata siku moja

[20:36] Hamisi Chumba 6: elfu kumi na nane mama Zu tugawane watu nane si ya kugombana na mtu

[20:37] Mama Zuwena: Hamisi mie hiyo ni sembe

[20:58] Mama Zuwena: Kwaiyo Jumamosi baada ya alasiri, uani chini ya mwembe, tunaandika barua moja tunatia sahihi wote nakala moja kwa mwenyekiti wa mtaa. Tunaomba tatu: notisi kamili, kodi ifike 42,000 sio 60,000, na tulipe miezi mitatu mitatu na mkataba wa maandishi. Nani yupo? Mie na Neema wawili

[20:59] Neema: Ndio

[21:00] Juma Baiskeli: Nipo

[21:02] Hamisi Chumba 6: Jumamosi saa kumi kuna mechi lakini nitajitahidi

[21:15] Mama Zuwena: Baba Eliya? Salim? Mama Tatu? Bibi?

[21:40] Salim Chumba 3: Mimi nishalipa

[21:40] Hamisi Chumba 6: ????

[21:41] Mama Zuwena: Umelipa nini Salim

[21:43] Salim Chumba 3: Alinipigia Jumapili akasema kuna mtu wa bandarini anataka chumba changu kwa 70 ila kwa heshima ananiachia 60. Mke wangu ana mimba ya miezi minane ningehamia wapi. Nimempa ya miezi sita

[21:44] Juma Baiskeli: Jumapili?? na jana tumekunywa kahawa pamoja

[21:45] Hamisi Chumba 6: Yaani barua kaandika akishajua mmoja kakubali

[21:46] Mama Zuwena: Salim ungesema tu. Ungesema

[21:47] Salim Chumba 3: Mngenipa nyie 60?

Salim Chumba 3 amejitoa kwenye kikundi

[21:52] Baba Eliya: Ndo mana nilisema tusianze kuandika majina

[21:53] Juma Baiskeli: Baba Eliya weye nenda kazini

ALHAMISI

[06:10] Rukia (simu ya Bibi): Shikamooni. Bibi nimemsomea zote baada ya swala. Anasema niandike anavyotamka nisipunguze wala nisiongeze

[06:17] Rukia (simu ya Bibi): Mie niliingia nyumba hii 1987, marehemu mzee akanipa ufunguo akaniambia bi Mwanaidi hapa kwako. Huyu mwanawe nimembeba kwa kanga yangu, simuogopi. Ninyi ndio nawaogopa. Siku ile vyombo vya Mama Rehema vimetolewa nje masika inanyesha, godoro linakunywa maji pale kwenye mwembe, yeye kasimama na sufuria mkononi hajui aiweke wapi, kila mtu alifunga mlango wake. Na mie nilifunga wangu. Nilimuona dirishani nikashusha pazia. Yupo Muheza mpaka leo sijamuomba radhi. Salim mrudisheni, mwenye mke mjamzito haachwi peke yake. Jumamosi nitakuwa kwenye mkeka wangu

[06:58] Neema: Shikamoo bibi. Nitakuwepo

[07:03] Juma Baiskeli: Marahaba zote ni zako bibi. Nipo na nitabeba benchi

[07:20] Hamisi Chumba 6: shikamoo bibi. mechi basi

Mama Zuwena amemuongeza Salim Chumba 3

[07:26] Mama Zuwena: Salim mdogo wangu jana nilikuwa na hasira. Ulipompa hela alikupa karatasi yoyote?

[08:40] Salim Chumba 3: Hapana dada. Nilituma kwa simu meseji ipo

[08:41] Mama Zuwena: Usiifute hiyo meseji. Piga skrinshoti

[12:15] Baba Eliya: Nimetoka zamu ndo naisoma ya Bibi. Jumamosi mimi nalala mchana ila niamsheni. Kusaini nitaangalia kwanza barua imeandikwaje

[12:16] Mama Zuwena: Na risiti za choo utaziangalia

[12:16] Baba Eliya: Nazo

[13:30] Mama Zuwena: Nimempigia mwenye nyumba. Kapokea, kasema yupo Dar atakuja mwisho wa wiki, sijui Jumamosi au Jumapili hakusema. Nikamwambia Bi Mwanaidi anakusalimia. Akanyamaza kidogo akasema mwambie nitapita kwake

[13:31] Hamisi Chumba 6: atapita kwake kwa ajili ya nini?

[13:34] Mama Zuwena: Hakusema

[16:02] Mama Zuwena: Mpaka sasa nina majina matano ya uhakika. Mama Tatu umesoma toka jana usiku naziona tiki. Nimenunua karatasi za mistari, kalamu mje nazo

[19:44] Mama Tatu: Samahani bando liliisha. Kwani kuna nini?