Mrejesho: shokapu zilizokuwa zikigonga nikipakia abiria

Wakuu, niliuliza kwa nini pikipiki inagonga nyuma kwenye matuta nikiwa na abiria, na mbele inadundadunda kwenye kona. Asanteni sana, imetulia.

Nyuma tulikaza ringi za springi (zinazorekebisha mbano wa springi ya shokapu) ngazi mbili, kulia na kushoto sawasawa. Springi haijawa ngumu zaidi. Chombo kimenyanyuka tu, kikapata nafasi ya kuzama kabla ya kugonga.

Tatizo kubwa lilikuwa mbele: oili ya shokapu ilikuwa nyeusi, nyepesi kama maji. Fundi kamwaga yote, kaweka mpya ya 10W (namba ya uzito wa oili), kipimo kilekile kila mguu wa shokapu, na sili mpya (mpira wa kuzuia oili isivuje). Nikifunga breki haizami tena ghafla. Nikiwa bila abiria nalegeza nyuma ngazi moja, la sivyo inarusha.