Mnaofunga minara, acheni kukokotoa kana kwamba ardhi haipo

Wanajukwaa, nafungua uzi huu nikiwa na hasira. Kila mawasiliano ya redio yanayovuka ziwa au bahari yanapokatika, mafundi hutoa jibu lile lile: vifaa ni vizima, minara inaonana, basi nguvu ya kurushia iongezwe. Hilo si jibu hata kidogo. Antena hupokea wimbi lililokuja moja kwa moja pamoja na lile lililogonga maji kwanza, na hili la pili, likigonga kwa pembe ndogo sana, huakisiwa likiwa na karibu nguvu zake zote huku awamu yake (mpangilio wa vilele na mabonde yake) ikigeuka nyuzi 180, yaani kilele kinakuwa bonde. Kilele cha moja kikiangukia bonde la jingine, yanafutana. Anayeongeza nguvu huyakuza yote mawili kwa uwiano ule ule, na kufutana kunaendelea. Bahari ikijaa na kupwa, tofauti ya urefu wa njia hizo mbili hubadilika, ndiyo maana mteja hukosa mawasiliano saa fulani tu. Naye huambiwa kwamba tatizo halionekani!

Kinachoniudhi zaidi ni wale wanaokumbuka uakisi lakini wakaichukulia kila ardhi kuwa kioo cha aina moja. Maji ya bahari hupitisha umeme kwa kiasi cha siemensi (kipimo cha upitishaji umeme) 5 hivi kwa mita, ilhali udongo mkavu huwa kwenye 0.001 au chini yake, na tofauti hiyo hubadilisha uakisi. Juu ya udongo wa kawaida, wimbi la wima, yaani lenye uga wa umeme unaotikisika juu na chini, likigonga kwa pembe ya nyuzi 15 hivi kutoka usawa wa ardhi, karibu halirudi kabisa, lakini la mlalo, ambalo uga wake hutikisika sambamba na ardhi, hurudi.

Halafu kuna mabonde na mawe. Kwa kigezo cha Rayleigh, kanuni ya kuamua kama wimbi litaona ardhi kuwa tambarare au yenye matuta, wimbi la megahezi 300, lenye urefu wa mita 1, likija kwa pembe ya nyuzi 1, huona ardhi yenye vilima vya mita 7 kuwa ni tambarare. La gigahezi 10 huanza kutawanywa na matuta ya sentimita 21 tu.

Ninachodai ni kwamba sehemu ya uakisi itafutwe kwenye ramani mapema, kimo cha antena kichaguliwe ili kilima au rasi izibe wimbi linaloakisiwa, au zifungwe antena mbili za kupokea kwa vimo tofauti, moja ikififia nyingine ishike. Asiyefanya hesabu hiyo asidai malipo ya usanifu.